Uhandisi Ulipokuwa Nairobi

Sisi tunaosomea shahada ya uzamili ya uhandisi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tunailalamikia milinganyo ya dinamiki ya Lagrange, iliyochapwa Paris mwaka 1788, kana kwamba tumeonewa. Lakini enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi; Dar es Salaam ilikuwa imeanza na sheria, 1961. Chuo kile cha pamoja kilivunjwa 1970, na Kitivo cha Uhandisi kikafunguliwa Mlimani 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi.

Leo mimi naenda chuoni kutoka Segerea tu. Daladala yetu springi zake zimechoka, kila shimo la Tabata linapanda mpaka kwenye meno, nami nakokotoa mtetemo wake kwa penseli, daftari gotini (abiria wa pembeni hudhani nahesabu madeni). Dinamiki ni ngumu, sawa, lakini siku hizi inafikika kwa nauli ya daladala.