Njia ya Pwani

Mimi ni mtu wa milimani, mzaliwa wa Mbebe, Ileje. Maji niliyoyazoea ni yale yanayoteremka kuelekea mto Songwe wala hayarudi nyuma. Kwa hiyo rafiki yangu wa tangu chuo cha ualimu, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, alinialika miaka mingi nikamwone bahari ikijaa na kupwa mlangoni kwao, nami kila mara nilipata udhuru. Yeye alisomesha Hesabu, mimi Historia. Julai 2017, wote tukiwa tumekwisha kustaafu, udhuru uliniishia.

Tulitoka Dar es Salaam alfajiri kwa gari lake dogo. Mbagala, Mkuranga, Kibiti: minazi, mikorosho, na akina mama wakipanga mihogo kando ya barabara. Ikwiriri tulikunywa chai, kisha tukavuka Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Mwenzangu alinisimulia enzi za kivuko cha Ndundu, jinsi abiria walivyolala ukingoni mto ulipofurika. Somanga bahari ikajitokeza upande wa kushoto, samaki wa kukaanga wakaletwa hadi dirishani. Nakiri niliona raha kama mtoto.

Hapo ndipo aliponiuliza, "Mwalimu, biashara ya watumwa ilikoma lini?"

"Mwaka 1873," nikajibu bila kufikiri. Ndivyo nilivyosomesha maisha yangu yote. Juni mwaka ule Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba na Waingereza, na soko la watumwa likafungwa.

Akacheka. "Basi hii njia yetu walipita akina nani?"

Nilijua jibu, maana nililisoma ukubwani. Mkataba ule ulizuia kusafirisha watumwa kwa bahari. Wafanyabiashara wa Kilwa, waliokuwa wakipokea misafara kutoka pande za Nyasa, waliwapandisha kaskazini kwa miguu, kandokando ya pwani. Wateja walikuwapo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na mashamba yake yakahitaji mikono. Kutoka pwani ya Pangani na Tanga kuvuka hadi Pemba ni mwendo mfupi wa jahazi. Mwisho wa 1873 ofisa wa ubalozi wa Uingereza, Frederic Elton, alishuka kwa njia hii kuelekea Kilwa akihesabu misafara aliyokutana nayo. Katika muda wa mwezi mmoja tu hesabu yake ilipita watu elfu nne. Mwaka 1876 Barghash alipiga marufuku hata njia ya nchi kavu.

Jina la Elton sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunalifahamu kwa sababu nyingine. Mwaka 1877 alipita kaskazini mwa Ziwa Nyasa akapanda uwanda wa juu wenye maua, na mwaka huohuo akafia Ugogo. Katika ramani tulizosomea, Kitulo iliitwa kwa jina lake. Nililichora ubaoni mara nyingi, na sikuwahi kuwaambia wanafunzi kwamba mtu huyo aliwahesabu watu wa Nyasa wakiwa barabarani.

Kivinje tuliikuta imetulia. Nyumba za mawe zimebomoka, boma la Wajerumani limebaki kuta, na mikoko imeenea ufukweni. Watu hupenda kuonyesha mahali palipokuwa na mwembe wa kunyongea, alikonyongwa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Mimi niliomba nionyeshwe misafara ilikoingilia. Mzee mmoja akanyoosha mkono kuelekea magharibi, kwetu.

Usiku ule nilimweleza mwenzangu jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Nikiwa mwalimu kijana, mtoto wa darasa la saba aliandika katika jaribio kwamba biashara ile ilikoma aliponyongwa Mlozi wa Karonga. Karonga iko ng'ambo ya Songwe, si mbali na kwetu, na Mlozi alinyongwa Desemba 1895. Nilimwita mbele nikamuuliza kajifunza wapi. "Kwa bibi," akasema. Darasa likacheka, nami nikacheka nalo. Nikampigia mkasi kwa wino mwekundu, nikaandika 1873 pembeni.

"Kwa kwao alikuwa sahihi," mwenzangu akasema.

"Najua."

"Yuko wapi sasa?"

Nilisikia alihamia Tunduma, lakini sikumtafuta.

Kesho yake tulirudi Dar es Salaam. Bahari ilikuwa upande wa kulia safari hii, na uso tuliuelekeza kaskazini. Mwenzangu hakuwasha redio. Somanga wale vijana wa samaki walitukimbilia tena. Tukanunua, ila tulikula tukiwa tumesimama chini ya mnazi, injini imezimwa. Kivinje hadi pale tulikuwa tumetumia saa moja hivi. Nikamwomba, yeye mtu wa Hesabu, anipigie ingekuwa siku ngapi kwa miguu, kwa mtu aliyefungwa shingo na mwenzake, na mtoto mgongoni. Alianza kuhesabu kwa vidole, kisha akaacha.