Bawa la Faiba: Ufundi wa Bodi na Upepo kati ya Ruiru na Thika

Historia ya vipande vya kuongoza hewa kwenye gari, yaani mabawa ya nyuma, midomo ya bampa na mabamba ya chini yanayoundwa kwa mkono badala ya kununuliwa kiwandani, kwa kawaida huandikwa kama tawi la historia ya mashindano. Katika ukanda unaoanzia Ruiru, ukapita katikati ya Thika na kufika mitaa ya pembezoni kama Landless, mpangilio huo haufai, kwa sababu hapa ufundi wa kuunda bodi ulitangulia bawa kwa miongo mingi, na bawa lilipokuja lilikuta mikono iliyokwisha kuzoea mabati, ribiti na chuma cha pembe. Kilichokosekana kwa muda mrefu kilikuwa kipimo.

Chimbuko la mikono hiyo liko kwenye reli. Mafundi waliotoka Punjab kuja kujenga na kuhudumia reli ya Uganda tangu miaka ya 1890 walianzisha karakana za uhunzi na useremala, na kadiri magari yalivyoongezeka wakageukia kuunda bodi za malori na mabasi juu ya chesisi zilizoingizwa nchini zikiwa tupu. Vijana Waafrika waliofanya kazi katika karakana hizo kama wasaidizi walitoka na ujuzi, wakaanza kazi zao wenyewe chini ya miti na kando ya barabara. Thika, mji uliofikiwa na reli mwaka 1913 na kukua kuwa mji wa viwanda, ulipata msukumo wa pili mwaka 1974, pale serikali ya Kenya na kampuni ya Leyland ya Uingereza zilipoanzisha Leyland Kenya, kiwanda kilichoanza kuunganisha magari mwaka 1976 na ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Kiwanda cha aina hii hupokea gari likiwa vipande ndani ya makasha na kuliunganisha, kwa hiyo mfanyakazi wake hujifunza jambo ambalo fundi wa barabarani hulipata kwa shida, nalo ni kwamba kipande cha kushoto lazima kilingane na cha kulia kwa milimita.

Hata hivyo ni matatu, si kiwanda, iliyoamua sura ya magari katika ukanda huu. Amri ya Rais Jomo Kenyatta ya mwaka 1973, iliyoruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi iliyohitajika awali, ilizaa mahitaji makubwa ya bodi za bei nafuu, na mafundi wakaanza kufunga vibanda vya mabati na mabenchi ya kukabiliana juu ya magari madogo ya mizigo. Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limeitambua sekta hii isiyo rasmi ya mafundi katika ripoti yake ya mwaka 1972 kuhusu Kenya, lakini serikali iliichukulia kwa uzito zaidi baada ya Rais Moi kuwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, mwaka 1985, na mwaka 1992 ikaitolea waraka rasmi wa sera. Kufikia wakati huo bodi ya matatu ilikuwa imeacha kuwa kibanda. Ilikuwa na mabega ya mviringo, kioo cha mbele kilicholala nyuma na, juu ya paa au nyuma kabisa, spoila.

Spoila ni kipande kinachovuruga mkondo wa hewa ili usiliinue gari, ilhali bawa ni kipande chenye umbo la ubawa wa ndege uliopinduliwa, ambacho huisukuma hewa juu na kwa hiyo husukumwa chini. Tofauti hii ilianza kueleweka na umma wa wapenda magari baada ya Jim Hall wa Marekani kulileta gari lake la Chaparral 2E mwaka 1966 likiwa na bawa lililoinuliwa juu ya nguzo, na baada ya mabawa kama hayo kuvunjika katika mbio za Formula One hadi yale marefu yakapigwa marufuku katikati ya msimu wa 1969. Nguvu inayoligandamiza gari chini hutegemea eneo la bawa, umbo lake, uzito wa hewa na mraba wa mwendo, maana yake mwendo ukiongezeka mara mbili nguvu huongezeka mara nne. Bawa lenye upana wa mita 1.5 na kina cha sentimita 30, likiwa na umbo la wastani, huongeza kiasi cha kilo 12 tu juu ya magurudumu gari linapokwenda kilomita 80 kwa saa katika hewa ya Thika, lakini huongeza karibu kilo 48 kwa kilomita 160. Hewa ya Thika imetajwa kwa makusudi, kwani mji huo uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya saba kuliko ya Mombasa, na bawa lililofanya kazi vizuri pwani litahitaji kuwa kubwa zaidi huku bara.

Hesabu hizi zinaonyesha kinaya cha spoila ya matatu. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zinazojulikana kwa jina la Waziri John Michuki, zililazimisha kila matatu kufungwa kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo spoila nyingi zilizoundwa baada ya hapo zimekuwa pambo, na pambo lenyewe linakula mafuta kwa kuongeza ukinzani wa hewa. Barabara kuu ya Thika, yenye urefu wa takriban kilomita 50 na iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba 2012, iliwapa madereva wa magari madogo mwendo ambao bawa linauhitaji, ingawa sheria haikuwapa ruhusa ya kuutumia. Si haki kuwacheka mafundi wa matatu kwa sababu hiyo. Waliuza sura ya mwendo kwa wateja waliotaka sura, na kwa kazi hiyo walijifunza kutengeneza maumbo yaliyopinda pande mbili kwa wakati mmoja, jambo gumu kuliko yote katika uundaji wa bodi.

Bati halipendi kupinda pande mbili, na hapo ndipo faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ya resini, ilipochukua nafasi. Fundi huchonga kwanza umbo la mfano kwa plaiwudi na povu gumu, akalisugua kwa msasa mpaka lisiwe na kovu, kisha akalipaka nta na kulifunika ili kupata moldi. Ndani ya moldi hupakwa tabaka la nje litakaloonekana, halafu mikeka ya nyuzi hulazwa na kuloweshwa resini iliyochanganywa na kichocheo cha kiasi cha asilimia moja hadi mbili. Kichocheo kikizidi, resini huchemka na kupasuka, na kikipungua hubaki ikinata kwa siku kadhaa. Aina ya kawaida ya resini, poliesta, huyeyusha povu jeupe la vifungashio, kosa ambalo limewagharimu mafundi wengi moyo wa bawa lao, na ndiyo maana wengine hufunika povu kwa utepe kwanza au huacha povu kabisa na kuunda mbavu za plaiwudi zilizovishwa bati jembamba la alumini kwa ribiti. Kazi hii ikikamilika hubaki swali ambalo ufundi wa pambo haukuwahi kulijibu, nalo ni mahali pa kulifunga bawa, kwa kuwa kifuniko cha buti kimetengenezwa kwa bati jembamba lisiloweza kubeba kilo 48 bila kubonyea, na bawa lililo chini ya usawa wa paa hupokea hewa iliyokwisha kuvurugika.

Mashindano yalifika katika ukanda huu kwa kupitia Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na ambayo iliwafundisha Wakenya kutambua gari la kasi kwa macho. Magari ya Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer yaliyong'ara katika mbio za miaka ya 1990 yalikuwa na mabawa ya kiwandani, na magari yaliyotumika yalipoanza kuingia kwa wingi kutoka Japani, mteja aliyekuwa na Impreza ya kawaida alitaka bawa la ile ya mashindano. Kwa madereva wa mashindano wenyewe uhuru ulikuwa mdogo zaidi, kwani Kundi N, daraja la magari yanayokaribia yale ya kuuzwa madukani lililoanzishwa mwaka 1982, halikuruhusu bodi kubadilishwa apendavyo mwenye gari. Mwaka 2021 Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia, ilifunguliwa kwa hatua fupi ya Kasarani, kando ya barabara hiyohiyo ya Thika.

Autokrosi ya Kenya, mbio za dakika chache dhidi ya saa katika njia fupi za udongo kama ile ya Jamhuri Park, ndiyo iliyompa mtengenezaji wa nyumbani nafasi pana, hasa katika madaraja ya bagi, vigari vyepesi vya mabomba ya chuma. Lakini kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa katika kona za udongo bawa dogo halina maana, na lile kubwa la zaidi ya mita moja ya mraba, linaloweza kuongeza kilo 20 na ushei, lina uzito wake na hupokea vumbi lote. Kipande chenye faida zaidi kiliingia kwa sababu nyingine kabisa, nacho ni bamba la alumini linalofungwa chini ya injini kuzuia mawe, ambalo madereva wa Safari walilihitaji tangu mwanzo na ambalo fundi yeyote wa bodi anaweza kulikata kwa grainda na kulikunja kwa mkono. Likirefushwa kutoka bampa hadi nyuma ya giaboksi, huinyoosha sehemu ya chini ya gari, mahali ambapo hewa hukwama zaidi, bila kuongeza kimo wala kuonekana, na mafundi huliachia matundu mawili, moja la kumwagia oili na jingine la kutolea joto.