Dakika Tatu za Omutibo

Wadi ya Chekalini iko Lugari, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, katika ardhi iliyokuwa mashamba ya Wazungu mpaka mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza 1962, ulipoanza kuwagawia Waafrika. Waliohamia skimu za Lugari walitoka Maragoli, Bukusu na pembe nyingine za Uluhyani, kila kundi na lahaja yake na ngoma zake. Omutibo, ule mtindo wa gita kavu, ulikulia kusini, Kisa na Bunyore. Ndiyo maana swali la rekodi lina uzito zaidi huku kuliko kule. Mtu wa Bunyore wa miaka ya 1960 aliweza kumwona kwa macho yake mpiga gita Shem Tube akipiga. Mjukuu wa mhamiaji wa Lugari anategemea sauti iliyohifadhiwa, na sauti hiyo si ya namna moja. Ashike ipi iwe kipimo? Rai yangu ni kwamba tusipime rekodi kwa uzee wala kwa usafi wake, bali kwa nafasi wanayopewa wapigaji kujibizana.

Kujibizana huko ndiko uti wa mgongo wa muziki wa magharibi ya Kenya. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, huchezwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na njuga na pembe ya paa. Hakuna ngoma hata moja kati ya hizo inayobeba mdundo peke yake. Mdundo unazaliwa pale zinapokutana. Omutibo ulichukua mantiki hiyo hiyo ukaitia kwenye nyuzi: kidole gumba kikishika besi, cha shahada kikipita juu na maneno yake, na mwenzi pembeni akikwaruza chupa ya Fanta kwa chuma. Chupa ile ya mistari, bidhaa ya kiwandani kabisa, ilipata kazi ambayo walioitengeneza hawakuiota. Anayeiona kuwa pambo la umaskini hajaisikiliza, kwa sababu ikiondolewa, gita hubaki likizungumza bila mtu wa kuitikia.

Sasa chukua Abana ba Nasery, kundi la Wanyore watatu: Shem Tube na Justo Osala kwenye magita, Enos Okola kwenye chupa. Santuri zao za zamani zilikusanywa na GlobeStyle ya Uingereza mwaka 1989, na mwaka 1992 kampuni hiyo hiyo ikatoa albamu mpya, humo wakishirikiana na wanamuziki wa Uingereza na Ireland. Ya pili ina sauti safi zaidi, magita yanatenganika vizuri sikioni. Hata hivyo naiweka nyuma ya ile ya kwanza. Katika santuri za zamani watu watatu wanasikilizana: gita moja likipungua, la pili linaingia, na chupa inaziba pengo kabla hujalitambua. Ala za wageni zinapoingia, mapengo yale yanajazwa na watu wenye nia njema ambao hawakuzoea kuyaacha wazi. Siwalaumu kwa kuwa wageni. Shem Tube mwenyewe alipiga muziki wa umeme na Mwilonje Jazz na Super Bunyore, wala hakuna aliyesema amepotea.

Mpinzani atasema kwamba santuri ndiyo iliyoupotosha muziki zaidi kuliko wageni wote. Upande mmoja wa sahani ya raundi 45 ulibeba dakika tatu au zaidi kidogo, ilhali karamu au matanga huweza kukesha. Wimbo ulikatwa ili utoshee. Hoja hiyo ni nzito, na kwa isukuti naikubali moja kwa moja: dakika tatu za isukuti ni kama kuonja maji ya mto Nzoia kwa kijiko. Kwa omutibo mambo hayako hivyo. George Mukabi wa Kisa, aliyeuawa mwaka 1963 na ambaye nyimbo zake zilitolewa upya mwaka 2017, alitunga kama msimuliaji. Kila kisa kina mwanzo, kina onyo, kisha kimefika. Kukirefusha hakukupi kingine ila marudio. Santuri ilikuwa na ubabe wake, lakini kwa mtunzi wa aina yake ubabe huo ulimlazimisha achague neno.

Kuna pia wanaosema rekodi yoyote haitoshi, kwamba muziki huu uko uwanjani tu. Kwa aliyekuwepo ni kweli. Kwa Chekalini, iliyokusanya watu wa lahaja mbalimbali, hoja hiyo inamnyima kijana mwalimu pekee aliye naye. Leo simu inarekodi saa nzima ya karamu bila kukatisha, jambo ambalo hakuna mwenye santuri aliyeliwaza, lakini mara nyingi inawekwa mbele ya spika, na kinachosikika ni mpigaji mmoja mkubwa na wenzake wakiwa mbali. Urefu umepatikana, kujibizana kumezimwa. Ningemwambia anayerekodi huko aishushe simu chini, katikati ya watu, na aiweke karibu zaidi na mwenye chupa kuliko na mwimbaji.