Helikopta: kupanda, kuruka, kurusha

helikopta nm (ngeli ya i-/zi-) chombo cha angani kiinuliwacho na mapanga makubwa yanayozunguka juu yake.

Matumizi: Abiria *hupanda* helikopta, helikopta *huruka*, rubani *huirusha*. Kwa hiyo, *Nilirusha helikopta juu ya Mombasa* humgeuza mtalii kuwa rubani. Mfasiri na aandike: *Nilipanda helikopta, nikauona mji wa Mombasa kutoka angani.*

Chombo kikifuata ufuo kwa karibu, kitenzi cha mabaharia ambaa chafaa pia: *Helikopta iliambaa pwani kutoka Nyali, tukaiona Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ikilinda mlango wa Bandari ya Kale.*

Tanbihi: Safari ikiisha, helikopta *hutua*, abiria *hushuka*.

Taz. pia: abiri, paa, rubani.