Nyuzi zilizolegezwa: habari ya gitare katika Mutoshi na Katanga

Katika Mutoshi, karibu na Kolwezi, tulimukuta muzee mumoja mwenye gitare ambayo nyuzi zake zote zilikuwa chini ya sauti ya kawaida. Uzi ulio mwembamba kuliko yote, ule tunaouita mi, kwake ulilia re. Nyuzi nyingine tano zilishuka vilevile toni moja nzima, na ulinganifu kati yao haukuharibika hata kidogo. Vijana wa kwaya walicheka wakisema: «Muzee hajui kupanga gitare.» Nasi, tunakiri, tulifikiri kama wao. Tukaichukua ile gitare, tukasikiliza diapazo, tukakaza uzi moja moja mpaka zote zikapatana na kinanda cha umeme cha kwaya. Kesho yake, wakati wa jua kali, tulisikia mulio kama wa fimbo inayovunjika. Kile kibao kinachoshika nyuzi juu ya tumbo la gitare kiling'oka, kikaondoka na kipande cha ubao wake.

Muzee hakukasirika. Alisema tu: «Watoto, mulikaza sana.» Lakini neno lile lilituingia. Tukaanza kujiuliza: hiyo sauti tunayoiita ya kawaida, ni nani aliyeipanga, na tangu wakati gani?

Ndugu wasomaji, wengi wetu hufikiri kwamba la ni la tangu kuumbwa kwa dunia. Sivyo. Diapazo yenyewe, ile uma ya chuma yenye meno mawili, ilitengenezwa mwaka 1711 na Mwingereza John Shore, mupiga tarumbeta. Hata nyuma yake, kila muji wa Ulaya uliendelea kuwa na la yake: ogani ya kanisa hili haikupatana na ogani ya kanisa la ngambo ya muto. Katika karne ya 19 wapiga vyombo walipenda kupandisha sauti zaidi na zaidi, kwa kuwa sauti ya juu hung'aa. Walioumia ni waimbaji, maana koo la mutu halina musumari wa kukaza. Kwa hiyo mwaka 1859 serikali ya Ufaransa iliweka sheria: la iwe na mitetemo 435 kwa sekunde. Mwaka 1885 mukutano wa Vienna ulikubali hesabu hiyohiyo. Kisha, katika mwezi wa tano wa mwaka 1939, mukutano mwingine katika London ulipandisha hata 440, na shirika la vipimo la mataifa likaithibitisha mwaka 1955.

Kumbuka vema kwamba muji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937. Ni kusema muji wetu ni muzee kuliko la ya 440, na mugodi wa Mutoshi ni muzee zaidi tena, kwani wazee waliujua kwa jina la Ruwe, na pale wazungu walitafuta hata zahabu mbele ya kujaa shaba katika mawazo yao. Union Minière ilizaliwa mwaka 1906. Watu waliokuja kufanya kazi katika kambi zake walitoka pande nyingi, wakaja na nyimbo zao, na wengine wakaja na kisanji chini ya kwapa.

Tunataka kukaa kidogo juu ya kisanji, kwani ndicho mwalimu wa gitare zetu. Mwenye kisanji hupanga sauti kwa kusukuma au kuvuta vile vyuma: kikitokeza kirefu, sauti hushuka, kikifupishwa, sauti hupanda. Hakuna diapazo. Fundi husikiliza, huimba pole pole kwa kinywa kilichofungwa, husukuma tena. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika kwa kukamata nyimbo kwa mashini, na aliyeanzisha mwaka 1954 maktaba ya muziki wa Afrika katika Afrika ya Kusini, alijua jambo hili vema. Kwa kupima vyombo alichukua diapazo 54, si moja. Ya kwanza ilikuwa na mitetemo 212, ya mwisho 424, na kati ya moja na nyingine mitetemo 4 tu. Mutu anayebeba diapazo 54 amekwisha kufahamu kwamba moja haitoshi.

Gitare ilipofika kambini, iliangukia katika mikono ya watu wenye sikio la namna hiyo. Walijua kwamba nyuzi sherti zipatane zenyewe kwa zenyewe. Kupatana na chombo kingine ambacho hakipo nyumbani, kwa faida gani?

Lakini kulikuwa na sababu nyingine, nayo ni ya mbao na chuma. Nyuzi sita za chuma, hata zile zinazoitwa nyepesi, zikipandishwa mpaka sauti ya kawaida huvuta pamoja kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi. Fikiri mutu muzima amekaa mchana na usiku juu ya kibao chembamba kilichoshikwa na kole. Na nguvu hiyo hupungua upesi kuliko sauti yenyewe: ukishusha nusu toni, karibu sehemu 11 kwa 100 zinaondoka, ukishusha toni moja, karibu sehemu 21 kwa 100. Ni kilo kama 15 ulizoondoa juu ya gitare yako, na wimbo ni uleule. Katika Katanga jambo hilo ni kubwa, sababu mbao zetu hunywa maji wakati wa mvua, halafu hukauka wakati wa kiangazi, mpaka kole inachoka. Katika Afrika ya Kusini, mbele ya mwaka 1960, waliuza gitare za bei ndogo za jina la Gallotone. Ndani yake kulikuwa na karatasi yenye kuahidi kwamba mbao hazitapasuka. John Lennon wa Uingereza alianza na gitare ya namna hiyo. Mutu haweki ahadi kama ile katika chombo ikiwa wanunuzi hawakuwa na hofu!

Tena nyuzi. Uzi uliokatika haukupatikana upya kila siku, na wengi waliweka pahali pake waya mwembamba uliotolewa katika freni ya kinga. Waya ule haukutengenezwa kwa kuimba. Ukiukaza mno unakatika, na mara nyingine unarukia jicho. Basi mwenye akili hulegeza zote, ili uzi ule dhaifu usiachwe nyuma ya wenzake.

Kuna pia koo. Mutu aliyefanya kazi katika vumbi la mugodi, akirudi jioni, haimbi kama mutoto wa kwaya. Akishusha gitare toni moja, wimbo unakaa katika kifua chake. Siku moja akitaka kuimba pamoja na dada yake mwenye sauti ya juu, hufunga kipande cha kalamu kwa kamba juu ya shingo la gitare, na nyuzi zote hupanda mara moja, bila kugeuza vidole. Muzee wa Mutoshi alituonyesha kalamu yake, nusu imekwisha kuliwa na nyuzi. Gitare iliyo chini huweza kupandishwa kwa kalamu. Gitare iliyo juu, hakuna kalamu ya kuishusha. Neno hili rahisi hatukulisoma katika kitabu.

Mutu atatuuliza: je, munaweza kuhakikisha kwamba wapigaji wakubwa wa zamani walilegeza nyuzi? Hapa sherti tuende pole pole. Mwaka 1952 Tracey alimukuta Mwenda Jean Bosco katika Jadotville, muji unaoitwa Likasi tangu 1966, akakamata nyimbo zake, na «Masanga» kati yao. Sahani za Gallotone zikazipeleka mbali. Mwaka 1961 na 1962 mwalimu David Rycroft aliandika noti za gitare yake katika jarida la Kiingereza, na watu wakaona kazi kubwa ya vidole viwili, gumba na shahada. Lakini sahani ni shahidi mwenye kusema nusu ya kweli. Ilifanywa izunguke mara 78 kwa dakika. Kamani ya gramofoni ikichoka, ikazunguka mara 74 tu, wimbo wote unashuka karibu nusu toni, gitare na koo pamoja. Basi tukisikia vidole vinashika do na masikio yanapata si, hatuwezi kuapa kama ni uzi uliolegezwa au kamani iliyolegea. Zipo alama za kusaidia: uzi wa chini uliolegea huvuma na kugonga shingo, na koo la mutu likipunguzwa mwendo huwa zito namna isiyo ya mutu. Asiyetafuta alama hizi asiandike kwamba fulani alipanga hivi ao vile. Tumesoma maandiko ya namna hiyo, na mwandishi hakuuliza hata mara moja juu ya mashini.

Vyombo vilivyoleta sauti moja kwa wote ni vile visivyoweza kushuka: armoniumu ya misioni, akordeo, fanfare, na kisha vinanda vya umeme. Palipo armoniumu, gitare sherti imufuate. Na bado wanaseminari, kati ya watu wote, hawakupaswa kushangaa. Katika wimbo wa Gregori ufunguo wa do huhama juu ya mistari mine, na do ile si mitetemo ya hesabu fulani. Kantori hutazama kwaya yake, huona kwamba leo wana mafua, huanza chini. Mutaguso wa Vatikano ulipofungulia vyombo vingine mulango, tarehe 4 ya mwezi wa kumi na mbili 1963, gitare iliingia kanisani. Koo za watu zilikuwa ndani tangu zamani.

Fundi wa mbao alirudisha kibao kwa kole, akakiacha siku tatu chini ya jiwe. Muzee akaweka nyuzi, akazipandisha mpaka pahali pake pa zamani, akasimama pale. Tulimuomba radhi. Halafu kijana wa kinanda akamuuliza, safari hii bila kucheka: «Baba, sauti yako ni gani?»

Muzee akagusa koo: «Mashini iko na sauti yake, miye niko na yangu. Iko hapa.»

Kijana akasikiliza ule uzi mwembamba. Kinanda chake kina kidude cha kushusha sauti zote nusu toni kwa nusu toni; tangu kinunuliwe hakuna aliyekigusa. Akakibonyeza mara mbili, akajaribu mi, ikalia re. Muzee akaitikia kwa kichwa, akaanza kwa gumba.