Njia ya Msafara na Njia ya Majitaka

Imekuwa ada, kila inapozungumzwa habari ya majitaka ya Tabora, kudaiwa kwamba tarikhi yake inaanzia siku reli ya Mjerumani ilipofika, mwaka 1912, na kwamba zama za misafara hazina la kutufunza katika jambo hili. Dai hilo nalipinga, na shahidi wangu ni kitabu ambacho wasomi wetu wamekipita kimya: taarifa ya James Christie, tabibu aliyefanya kazi Unguja, juu ya kipindupindu katika Afrika Mashariki, iliyochapishwa mwaka 1876.

Habari za Isike na Mirambo, watemi wa Wanyamwezi katika zama hizo za misafara, msomaji anazijua. Lililo muhimu ni jinsi mji ulivyokaa. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, hakukuta mitaa iliyosongamana bali matembe makubwa yaliyotawanyika, kila moja na ua wake, bustani zake na ghala zake. Na makazi ya namna hiyo huipa ardhi wasaa wa kupokea uchafu wa wachache. Misafara ndiyo iliyobadili hesabu, kwa kuwa wapagazi kwa mamia walipiga kambi pamoja, wakateka maji walipoteka wenyeji, kisha wakaondoka na kuyaacha yote nyuma yao.

Christie alieleza mawimbi manne ya maradhi: la 1821, la 1836–37, la 1858–59 na la 1869–70. Hili la mwisho ndilo lenye mazingatio makubwa kuliko yote, maana halikuja kwa jahazi. Aliwauliza wafanyabiashara waliotoka bara, akalinganisha kauli zao kituo kwa kituo, hata ikambainikia kwamba maradhi yalishuka kutoka nchi ya Wamasai hadi Pangani, yakaingia Unguja mwishoni mwa 1869, ndipo yakapanda bara pamoja na misafara. Na mwaka 1870 Livingstone, akiwa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, aliyakuta yakiua watu huko. Waliosingizia hewa mbaya ya mabonde hawastahili wino zaidi, kwani hewa haifuati vituo vya wapagazi. Ama wanaomlaumu mpagazi mwenyewe, hao nawataka insafu: aliyebeba pembe begani hakuchagua kambi wala kisima, na wajibu wa kuitengeneza njia ulikuwa wa yule aliyefaidi pembe.

Wala London haikuwa bora. Katika kiangazi cha 1858 uvundo wa mto Thames uliwataabisha wabunge hata wakapitisha, mwezi Agosti, sheria iliyomwezesha mhandisi Joseph Bazalgette kujenga mifereji mikuu ya majitaka. Na mwezi huo huo Speke, mwenzake Burton safarini, akitokea Kazeh, alilifikia Ziwa Nyanza, yaani Viktoria.

Zama za Wajerumani, za Wabelgiji walioutwaa mji Septemba 1916, na za Waingereza nazipita. Leo maji ya ziwa lile lile, yakivutwa kutoka Ihelele, yameifikia Tabora kwa bomba. Maji yaingiayo nyumbani hayana budi kutoka, na shimo lililotosha zama za ndoo hujaa upesi penye choo cha kuvuta maji.

Bomba la majitaka nalo lataka ulinzi wa daima. Mchanga, matambara na mafuta ya jikoni hulisonga, na maji ya mvua yanayoelekezwa humo kutoka mapaani huzifurisha chemba. Fundi hodari hufunua chemba moja baada ya nyingine: kati ya iliyojaa na iliyo kavu ndipo kizuizi kilipo. Kabla hajazibua, huzuia majitaka yasiingie mtaroni, watu huwekwa mbali, na wenye visima vya karibu huonywa wasinywe. Baadaye mahali palipomwagikiwa husafishwa na kutiwa dawa. Kazi hii yafanywa na watu wanaodharauliwa kama walivyodharauliwa wapagazi, ilhali afya ya mji mzima iko mikononi mwao.

Kwa hiyo kila mradi wa kuleta maji Tabora uandikiwe, katika bajeti ile ile, njia ya kuyatoa, pamoja na glavu, viatu na ujira wa halali wa mafundi wake. Gharama hiyo ni deni la anayefaidi maji, na halifai kuachiwa mtaa ulio bondeni.