Walimu Waliovuka Bahari

Neno utandawazi lilipoanza kuvuma redioni, mwishoni mwa karne iliyopita, wanachuo wangu katika chuo cha ualimu walinitaka niwaeleze maana yake. Niliwaambia wasilistaajabie, Unguja ilikuwa nalo jambo hilo kabla halijapewa jina. Sheikh Abdul-Aziz Al-Amawy alitoka Barawa akawa kadhi hapa katika karne ya 19. Sayyid Ahmad bin Sumayt alizaliwa Ngazija mwaka 1861, na ukadhi wake akaufanya hapa, akafia hapa mwaka 1925. Makarani walitoka Goa. Mji huu uliwavuta wenye elimu kwa sababu ulikuwa na kazi ya kuwapa na mshahara wa kuwalipa. Nusu ya pili ya hadithi sikuwapa wanachuo siku ile.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalinikuta nina umri wa miaka 14. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa amesoma Makerere. Alichora duara ubaoni kwa mkono mtupu na likatoka duara. Mwaka uliofuata hakuwepo. Watu walinong'ona kwamba amevuka usiku kwenda Mombasa. Kusafiri siku hizo kulitaka kibali, na kibali hakikupatikana kwa urahisi, kwa hivyo aliyeondoka aliondoka kimya, hata jirani hakumuaga. Wako waliofukuzwa kazi, wako walioogopa, na wako waliokwisha kuzika ndugu zao. Siwezi kuwatia wote chungu kimoja nikawaita wakimbizi wa shida za nchi.

Pengo lilizibwa kwa namna namna. Kutoka China, mkoa wa Jiangsu, walikuja madaktari mwaka ule ule wa 1964, na madaktari wa mkoa huo wameendelea kuja kwa zamu. Kutoka Ujerumani Mashariki walikuja walimu. Pengo lililobaki tulilijaza sisi vijana. Mimi nilisimamishwa mbele ya darasa nina miaka 18, jiometri yenyewe naijua nusu, na nilichokijua nusu nikakifundisha nusu. Watoto wale baadaye wakawa walimu wa watoto wengine. Hasara hii haionekani katika hesabu za walioondoka.

Mwezi wa Julai 1970 Sultan Qaboos alishika utawala wa Oman. Nchi nzima ilikuwa na skuli tatu tu za kisasa zenye wanafunzi 909, wote wavulana. Akawaita Waomani waliokuwa nje warudi. Miongoni mwa walioitikia walikuwamo Wazanzibari wengi wenye asili ya huko, nao walikuwa na vitu ilivyovikosa Oman: vyeti, Kiingereza, na mazoea ya kazi za ofisi. Waliingia wizarani, hospitalini, katika kampuni ya mafuta na madarasani, hata Kiswahili kikawa lugha ya kawaida katika baadhi ya maofisi ya Muscat. Elimu iliyolipiwa kwa karafuu ikaenda kujenga nchi yenye mafuta. Nasema bila ya kijicho. Au tuseme kijicho kidogo.

Katika miaka ya 1980 milango ilifunguka, lakini bei ya karafuu ilikuwa imeanguka na mshahara wa mwalimu haukufika nusu ya mwezi. Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu, na walimu walikuja ofisini kwangu kuomba barua za kuwatambulisha kwa waajiri wa Ghuba. Niliziandika kwa mkono wangu. Moja tu niliizuia, ya mwalimu wa fizikia, kwa kuwa hatukuwa na mwengine. Ilikaa mtotoni mwa meza yangu muhula mzima. Jioni moja mama yake alikuja nyumbani, akakaa barazani, akakataa hata maji. "Maalim," aliniuliza, "mwanangu umemfungia nini?" Asubuhi nikatia saini.

Kijana yule alimjengea mama yake nyumba ya matofali, na skuli hakuisahau. Alituletea sanduku la vitabu vizuri vya fizikia, nikaenda mwenyewe kulipokea bandarini Malindi. Vitabu vilikaa kabatini miaka miwili, havina wa kuvifundisha.

Katika miaka ya 1990 mwalimu wangu wa hesabu alikuja kutembea. Nilimkuta Forodhani, mzee wa kanzu nyeupe, nikamwamkia. Hakunijua mpaka nilipomtajia darasa. Alitaka habari za kila mwanafunzi kwa jina lake. Kisha akaniuliza:

"Na hesabu, baada yangu, alikusomesheni nani?"

"Mwaka ule hakuna mtu, maalim. Baadaye nikasomesha mimi."

Alinitazama, kisha akamwita muuza kahawa.